Jina la Butoyi Limetoka kwenye Kompyuta

Simu iliita Spesiosa akiwa ameinama kwenye pipa la mawese, mikono yote miwili imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Skolastika, jirani yake na mwenzake wa kukamua, akaifungua kwenye pindo la kitenge cha Spesiosa na kumbandika sikioni.

"Naongea na mama yake Butoyi Pastory?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ndiyo, mimi."

"Shikamoo mama. Napiga kutoka hospitali ya mjini. Jina la mwanao limetoka kwenye kompyuta, tunaomba uje naye kesho asubuhi. Si jambo baya, usiogope."

Spesiosa akaitikia marahaba, akasema atakuja, na simu ikakatika. Akabaki ameinama vilevile. Mtu akikwambia usiogope kabla hujamwambia kwamba unaogopa, maana yake ameshaona sababu.

"Nani huyo?" Skolastika akauliza.

"Hospitali. Jina la Butoyi limetoka."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Skolastika akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi umeshinda, mama. Watakupa pikipiki. Ukishaipata usitusahau sisi tunaotembea kwa miguu."

Spesiosa alijaribu kucheka naye, lakini midomo haikumkubalia. Alikuwa na mambo yake na majina yanayotoka. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, ameshika upindo wa nguo ya mama yake, na akakulia kambini. Kule kambini majina yalikuwa yakibandikwa kwenye ubao mbele ya ofisi, na watu walikwenda kuyasoma kwa miguu mizito. Siku lilipotoka jina la baba yake, mzee Ngendakumana, familia nzima ilipanda lori pamoja na kuku wao, ikarudishwa. Yeye peke yake alibaki, kwa kuwa alikwisha kuolewa na Pastory, Muha wa Mwandiga aliyekuwa akienda kambini kuuza dagaa. Alisimama kando ya barabara akapunga mkono, vumbi likawafunika. Tangu siku hiyo, jina likitolewa na watu usiowajua, kwake ilikuwa ni habari ya mtu kuondoka.

Na sasa wakimbizi walikuwa wameanza kuja tena, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kushuka milimani. Watu wa Mwandiga walikuwa wakiwataja kwa sauti fulani, na Spesiosa, ambaye anasema Kiha kama aliyezaliwa pale na ambaye wengi walishasahau alikotoka, alikuwa akiisikia sauti hiyo sokoni anainamisha kichwa na kujifanya anapanga chupa zake.

Lakini lililomsumbua zaidi jioni ile lilikuwa jingine. Kwa nini Butoyi? Butoyi hakuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa Bukuru.

Walikuwa mapacha, wasichana. Kwa Waha, kama ilivyo kwa Warundi, mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Chiza. Pastory mwenyewe alikuwa Chiza, kwa sababu mama yake, Leonia, alizaa mapacha kabla yake. Wasichana hawa walifanana paji la uso na meno ya mbele. Ila Bukuru alikuwa mwembamba, macho yamepiga manjano, na miezi haikupita bila maumivu kumshika. Yalianzia kwenye mifupa ya miguu, yakapanda kifuani, na mtoto akalia bila machozi kama mtu mzima. Hospitali walishasema ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu huzaliwa nao. Mara kadhaa alilazwa na kuongezewa damu.

Na kila alipopelekwa Bukuru, Butoyi naye alikwenda. Hilo Leonia alilisema tangu watoto wako mgongoni: amahasa, yaani mapacha, hawatenganishwi kwenye jambo la mwili. Mmoja akinyolewa, na mwingine ananyolewa. Mmoja akinunuliwa gauni, mwingine naye, hata kama itabidi wote wasubiri. Mmoja akipelekwa kwa dawa, mwingine apelekwe, asije akaona amenyimwa, akakasirika, akaondoka. Leonia hakuwa akisema hayo kwa kusikia tu. Bukuru wake mwenyewe alipelekwa zahanati peke yake, amefungwa mgongoni, na akapona. Aliyebaki nyumbani na bibi yake, Butoyi, mzima wa afya, alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijakatika.

Kwa hiyo Spesiosa alipofika kwenye dirisha la mapokezi, siku zote alisema, "Andika wote wawili." Mwanzoni dada wa mapokezi alibisha. Baadaye alizoea, akawa anawafungulia wote, kila mmoja ukurasa wake kwenye kompyuta, na watatu hao wakaingia kwa daktari pamoja, mgonjwa kifuani na mzima ameshika kitenge. Sindano ya kupima damu ikitoka, Spesiosa alinyoosha na mkono wa Butoyi.

"Huyu naye anaumwa nini?" daktari alishawahi kuuliza.

"Huyu ni pacha wake," Spesiosa akajibu, kana kwamba hilo ndilo jina la ugonjwa.

Asubuhi aliwaogesha wote wawili, akawapaka mafuta, wakaenda. Hakuwaza hata kidogo kumwacha mmoja.

Aliyempigia simu alikuwa nesi, Yusra, mtu wa Ujiji, mwenye hijabu ya kijivu na maneno mengi ya haraka. Aliwapeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki ya watoto. Mezani alikuwepo kijana mmoja anaitwa Faridi, naye kazi yake ilikuwa kompyuta tu.

"Mama, nikueleze," Yusra akasema. "Kuna utafiti unafanyika hapa. Watoto wenye selimundu wanapewa dawa kila siku, na sisi tunawafuatilia, tuone kama maumivu yanapungua na wanaongezewa damu mara chache. Dawa yenyewe haipatikani hovyo hapa mjini. Zamani ili kuwapata watoto hao tungekaa mlangoni tunamngoja anayelia. Siku hizi hospitali inaandika wagonjwa wote kwenye kompyuta. Basi Faridi anaiuliza: nipe watoto wa umri huu, ambao daktari ameandika selimundu, waliokuja na maumivu makali mara tatu au zaidi katika mwaka. Inatupa majina. Ndivyo lilivyotoka la Butoyi."

Spesiosa alisikiliza maneno yote hayo huku akitazama mikono ya Faridi kwenye vitufe. "Kwa hiyo imesoma habari za mwanangu."

"Imesoma."

"Nani aliniuliza?"

Faridi akaacha kubofya. Yusra akavuta kiti akakaa karibu naye. "Swali zuri, mama yangu. Kuitafuta orodha, hospitali ilituruhusu bila kuuliza mzazi mmoja mmoja. Lakini kumwingiza mtoto, hakuna anayeweza ila wewe. Ukisema hapana, tunalifuta jina, na mwanao atatibiwa kama kawaida."

"Na imeandika nimetoka wapi?"

Yusra aliinama kwenye kioo. Alichukua muda kidogo, kisha akageuka, akamtazama kama mtu aliyeelewa kinachoulizwa. "Imeandika Mwandiga. Basi."

Spesiosa akashusha pumzi. Ndipo akasema lile lililomleta. "Sista, mgonjwa siyo huyo. Mgonjwa ni huyu." Akamsukuma Bukuru mbele kidogo.

Yusra akawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine. Macho ya manjano ya Bukuru yalijieleza yenyewe. "Sasa Faridi, hebu nifungulie ukurasa wa huyu Bukuru."

Ukafunguliwa. Bukuru Pastory Chiza, wa Mwandiga, alikuwa amekuja hospitali siku zilezile alizokuja ndugu yake. Lakini kwenye ukurasa wake maumivu makali yalikuwa yameandikwa mara mbili tu mwaka ule. Siku nyingine zote pameandikwa: mtoto mzima, amesindikiza.

"Mara mbili haitoshi," Faridi akasema. "Ndiyo maana yeye hakutoka."

"Alikuja kila mara yeye," Spesiosa akasema. "Mimi nilimbeba. Mgongo wangu unajua."

"Mgongo wako hatuwezi kuuingiza kwenye kompyuta, mama," Faridi akasema, si kwa ubaya, na Yusra akampiga kofi dogo la bega.

"Nyamaza na wewe. Mama, mlikuwa mnaingiaje kwa daktari?"

Spesiosa akaeleza. Alivyoeleza, aliwaona wawili hao wakiangaliana, akajua kwamba tayari wameona mahali palipoharibika, na kwamba mahali penyewe pako kwake. Daktari alikuwa na kurasa mbili zimefunguliwa, watoto wawili wamesimama mbele yake, majina yameanza na herufi moja, mama mmoja, siku ya kuzaliwa moja, na nje foleni inapiga mlango. Aliandika kwenye ule ulio mbele yake. Siku nyingine ulikuwa wa Bukuru. Siku nyingi ulikuwa wa Butoyi.

Waliwatoa watoto wote damu upya, safari hii kila mmoja kwa wakati wake, na Yusra mwenyewe akasimama juu ya vichupa kama mlinzi. Spesiosa alikaa kwenye benchi. Alikuwa amechoka uchovu ule wa kwenye mifupa ambao hauondoki kwa kulala, na alikuwa akifikiri kwamba huenda Bukuru anauona uchovu wa namna hiyo kila siku.

Majibu yalikuja mchana. Butoyi hakuwa na selimundu. Bukuru alikuwa nayo. Hilo hakuna aliyelishangaa. Lakini Faridi alikuwa ameganda mbele ya kioo.

"Njoo uone kundi la damu," akamwambia Yusra. "Leo maabara wanasema Butoyi ni kundi B, Bukuru ni O. Sasa tazama ukurasa wa Butoyi. Huku nyuma kila alipoongezewa damu pameandikwa O."

"Aliyelala kitandani alikuwa Bukuru," Yusra akasema polepole.

"Na damu haibadilishwi kama shati. Kwa hiyo kila penye O, hata kama ukurasa ni wa Butoyi, mgonjwa alikuwa Bukuru. Hapo, na hapo, na hapo. Anatimiza zile mara tatu, tena anazidi."

"Na kwa Bukuru pameandikwa kundi gani?"

Faridi alifungua. Akasogeza kichwa karibu na kioo, akasoma mara mbili.

"Sema, Faridi."

"Pameandikwa B. Siku waliyotobolewa wote wawili, vichupa vilipishana."

Butoyi alikuwa akimwonyesha mwenzake plasta kwenye kidole chake, na Bukuru naye akimwonyesha ya kwake.

"Ina maana gani?" Spesiosa akauliza.

"Ina maana," Yusra akasema, "angeletwa siku moja amezimia, mtu ana haraka, akauamini ukurasa huu, angemwekea damu isiyo yake."

"Maabara huwa wanapima tena kabla ya kuweka," Faridi akasema upesi.

"Huwa," Yusra akajibu.

Spesiosa akatazama chini. Miaka yote hiyo alikuwa akilinda. Alikuwa akihesabu watoto wake kwa macho kila walipokatiza barabara, akinusa uji kabla hawajanywa, akiamka kusikiliza kama wote wawili wanapumua. Na hatari ilikuwa imekaa ndani ya kinga yenyewe, imetulia, inamngoja.

"Nifanye nini?" akasema.

"Kurasa tutazirekebisha sisi, na daktari wa utafiti atazipitisha. Bukuru anaweza kuingia. Lakini mlango wa kupokea watoto unafungwa Ijumaa, na nafasi iliyobaki ni hii ambayo jina la Butoyi liliishika." Yusra akaweka mkono juu ya goti lake. "Mama, nitakuuliza jambo, na nataka unijibu kama unavyomjibu mama yako. Dawa hii ni ya mgonjwa tu. Inaingia ndani kabisa mahali damu inapotengenezwa. Mtoto mzima akiinywa inaweza kumwangusha. Nikikupa vidonge ukafika nyumbani, Butoyi akasema na mimi, utampa?"

Jibu la kumpendeza nesi lilikuwa rahisi. Spesiosa alilijua, lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliona uso wa Leonia, akaona na vidonge vimekatwa katikati kwa wembe, nusu huku na nusu huku, na hakuwa na hakika kama mkono unaokata ni wa mama mkwe au wake mwenyewe.

"Sijui, sista," akasema.

Faridi akainua kichwa. Yusra hakukasirika. "Afadhali umesema hujui. Nenda kawaulize wenye nyumba. Rudi kabla ya Ijumaa kwisha, ukiwa na jibu. Na ukirudi, hapa ndani unaingia na Bukuru peke yake. Siku hiyo na siku zote. Kwenye utafiti mtoto hana hata jina, ana namba. Namba haina pacha."

Pastory alikuwa Mwamgongo, kwenye mitumbwi ya dagaa. Hurudi mwezi ukiwa mpevu, wakati taa hazina kazi ziwani. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ikikatikakatika na upepo. "Mimi nitasema nini, mama Bukuru? Fanya unavyoona," akasema, na Spesiosa akataka kumwambia kwamba ni miaka mingi sasa anaona yeye tu, na macho yamechoka. Alimwuliza kama amekula.

Leonia aliyasikiliza yote akiwa kwenye mkeka, anamenya mihogo.

"Hapana," akasema.

"Mama, ile dawa ni kali. Butoyi akiinywa itamdhuru."

"Sijasema anyweshwe. Nimesema hapana. Mmoja asipewe kitu ambacho mwenzake hapewi. Ukimpa huyu, yule anaondoka. Wewe hukumzika, mimi nilimzika."

"Mama, wanasema damu zao zilichanganyika kwenye kompyuta kwa sababu nilikuwa nawapeleka wote."

"Kompyuta imezaa mapacha lini?" Leonia akasema. Skolastika, aliyekuwa amekuja kuomba kibiriti, akaguna kwa kicheko akakimeza. "Na wewe cheka," Leonia akamwambia. "Kibiriti chenyewe ulikuja nacho mfukoni. Ulikuja kusikiliza."

"Nilikuja kusikiliza, shangazi. Sasa nimesikia, naenda," Skolastika akasema, akabaki palepale.

Spesiosa hakubishana. Alikuwa amejifunza kwamba Leonia hashindwi kwa maneno, na nguvu za kubishana alikuwa hana. Siku iliyofuata alikwenda kukamua kama kawaida. Alihesabu kichwani jinsi atakavyompigia yule nesi na kumwambia basi, na kila alipofika mahali pa kusema "basi" aliona mtoto wa mtu mwingine, asiyemjua, ameketi kwenye nafasi ya Bukuru.

Alhamisi mchana maumivu yakamshika Bukuru.

Alikuwa nyumbani na bibi yake. Spesiosa aliitwa akakuta mtoto amejikunja kwenye mkeka uleule wa mihogo, magoti kifuani, na Leonia akiyasugua kwa mawese ya moto. Alikuwa akisugua na kusema maneno ya Kiha chini chini, na mikono yake, mikono ile iliyomenya na kulima na kuzika, haikupumzika. Butoyi alikuwa ameketi ukutani. Hakuwa analia. Alikuwa amejikunja hivyohivyo, magoti kifuani, anamwigiza mwenzake ili wawe sawa.

Leonia alimwona. Akaacha kusugua, akamtazama Butoyi kwa muda mrefu.

"Wewe unaumwa wapi?" akamwuliza.

"Siumwi, bibi."

"Mbona umejikunja?"

"Ili asiumwe peke yake."

Spesiosa alikuwa amekwisha kumwinua Bukuru kumweka mgongoni. Kwa mazoea akanyoosha mkono kumwita na Butoyi. Leonia akaushika ule mkono, akauteremsha.

"Nenda naye huyo," akasema. "Huyu wa pili nitamshika mimi."

"Mama—"

"Nenda kabla sijabadilika. Nimemsugua mpaka nimechoka, Spesiosa. Mifupa ya mtoto inakataa mkono wangu. Miaka mingapi nasugua?" Akamvuta Butoyi katikati ya magoti yake, akamfunika kwa kitenge chake chote kana kwamba kuna mtu mlangoni amekuja kumchukua. "Kama ataondoka, ataondokea mikononi mwangu, siyo kwa kuachwa. Haya, nenda."

Kwenye dirisha la mapokezi, dada aliwaona akaanza kubofya kabla hajasalimiwa. "Wote wawili?"

"Mmoja," Spesiosa akasema. Neno lilimtoka kama jiwe. "Bukuru. Andika Bukuru peke yake."

Usiku ule walilala wodini. Kundi la damu lilipimwa likasomwa O, likaandikwa pale linapostahili. Asubuhi ya Ijumaa Yusra alikuja, akavuta pazia, akaketi kwenye ncha ya kitanda na makaratasi ya ridhaa. Aliyasoma moja baada ya jingine kwa sauti, akisimama kila mahali kuuliza kama ameelewa. Dawa inaweza kushusha chembe za damu, ndiyo maana mtoto atapimwa kila mwezi. Huenda isimfae. Maumivu hayataisha kesho wala mwezi kesho. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kugombezwa.

"Mwezi kesho bado ataumwa?"

"Anaweza kuumwa, mama. Sikudanganyi."

Spesiosa alikuwa amekuja na tumaini kubwa kuliko hilo. Akalikunja likawa dogo, likaingia mahali palipokuwepo.

"Na lile swali langu," Yusra akasema. "Nyumbani wamejibuje?"

"Mama mkwe amembeba Butoyi. Mimi nimembeba huyu. Ndivyo walivyojibu."

Yusra akatikisa kichwa kukubali, akamkabidhi kalamu. Spesiosa aliandika jina lake pole pole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kambini kwenye darasa la turubai. Faridi alipita akachungulia pazia.

"Ameingia?" akauliza.

"Ameingia. Kalifute lile la Butoyi."

"Usilifute kabisa," Spesiosa akasema haraka, wote wakamgeukia. "Kwenye utafiti, sawa. Lakini ukurasa wake mwachieni. Weka pale kwamba ni mzima, na damu yake ni B."

"Nimeshaweka," Faridi akasema.

Walirudi Mwandiga Jumapili. Leonia alikuwa mlangoni, Butoyi kando yake, na ilionekana hawakuwa wameachana mikono kwa siku zote hizo. Bibi alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Mwanamke yule, ambaye kwa kawaida huuliza habari kwanza, safari hii alimpapasa Butoyi kichwani mara moja zaidi, kisha ndipo akamsalimia Spesiosa, "Mwakeye." Spesiosa akamwitikia.

"Yupo," Leonia akasema.

"Namwona, mama."

"Leo yupo," Leonia akarudia, akaingia ndani kulala.

Kesho yake, baada ya uji, Spesiosa alifungua kichupa cha dawa. Aliwaketisha watoto wote kwenye kigogo nje ya jiko, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuwaketisha. Alimwekea Bukuru kidonge kwenye ulimi, akampa maji, akamwambia afungue mdomo aone kama kimeshuka.

Butoyi naye alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa amefumba macho, ulimi ameutoa, anangoja zamu yake kama siku zote.

Spesiosa akasimama na kichupa mkononi. Kutoka ndani alikisikia kitanda cha Leonia kikilia. Bibi alikuwa amejiinua anasikiliza. Akafunga kifuniko mpaka mwisho, akakiweka kichupa juu ya paa la banda ambako watoto hawafiki. Kisha akachovya kidole kwenye sufuria ya mawese mapya, akampaka Butoyi kwenye ulimi.

Butoyi akafumbua macho, akalamba midomo. "Yangu tamu," akamwambia mwenzake.

"Yangu chungu," Bukuru akasema.

"Kesho tubadilishane?"

"Hapana," Spesiosa akasema. "Kesho kila mtu na yake. Na kesho kutwa."

Akaketi kwenye kigogo katikati yao. Ndani, kitanda kililia tena, safari hii kwa mtu anayejilaza. Pipa la mawese lilikuwa linamngoja, na Skolastika alikuwa anakuja barabarani, anapiga kelele kutoka mbali kuuliza pikipiki iko wapi. Spesiosa aliweka mkono mmoja kwenye mgongo wa huyu na mwingine kwenye mgongo wa yule, akasikiliza wanavyopumua, kila mmoja kwa wakati wake.